Mnada Ulioingia Chumbani kwa Euphrasia

Siku Euphrasia aliporudi nyumbani kutoka hospitali, mlango wa chumba chake ulikataa kufunguka. Haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Mumewe, Kasmir, aliusukuma kwa bega, akausukuma tena, kisha akapenyeza mkono, akapapasa nyuma yake na kuvuta kitu kilichoanguka kwa kishindo cha bati. Ndipo mlango ukaachia nafasi ya kupita mtu mwembamba.

Bahati nzuri Euphrasia alikuwa mwembamba. Homa ya matumbo ilikuwa imemlaza wodini Kwaresima nzima, ikamla nyama za mwili na kumpukutisha nywele. Kutoka kwenye baraza hadi mlangoni pale alikuwa amepumzika mara kadhaa, mkono ukutani, huku wapangaji wenzake wakimpa pole.

"Karibu nyumbani, Mama Severa," alisema Kasmir kwa furaha ya kweli. "Angalia kichwa, kuna pembe."

Ilikuwa pembe ya gramafoni, ya shaba, imening'inizwa kwa kamba kutoka darini. Gramafoni yenyewe haikuwapo. Chini ya pembe palikuwa na kabati lisilo na milango, na ndani ya kabati viatu vya Kizungu, vizuri tu, ila vyote vya mguu wa kushoto. Kando yake palikuwa na beseni la kuogea la chuma, refu kama mtumbwi, lenye tobo chini. Kulikuwa na tandiko la farasi. Kulikuwa na ubao mkubwa wenye minyororo, umelazwa ubavu, juu yake magunia matupu ya vitunguu. Na kitandani, mahali hasa ambapo Euphrasia alikuwa ameota kuweka kichwa chake tangu wodini, ilikaa mashine ya taipu iliyong'oka herufi A. Mtu akitaka kuiandikia Kiswahili, hata jina la mji wenyewe lingemshinda.

"Hivi vyote ni nini, Baba Severa?"

"Vitafaa," alisema Kasmir.

Kasmir hakuwa mtu mbaya. Alikuwa Mchaga wa Kilema, ambako mtoto wao Severa alikuwa akilelewa na bibi yake, na yeye alikuwa muuza maharage na vitunguu kwa jumla pale Kariakoo. Hakuwa mlevi, hakupiga mtu, na Jumapili aliimba kanisani kwa sauti nene. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu, nao ni mnada. Kila Jumamosi mchana, mtumishi wa dalali alipopita mitaani akipiga kengele, Kasmir aliacha mizani ikining'inia na mteja akiwa amefungua kikapu, akakimbilia huko wanakouziwa watu vitu vya Wazungu wanaorudi kwao na vya familia zinazohama. Hakuwahi kwenda na haja. Haja aliipata hukohuko. Farasi alikuwa hajawahi hata kumgusa, lakini alipoona tandiko, na akaona mtu mwingine analitazama, basi moyo wake ulijua kwamba bila tandiko lile maisha yake yangekuwa na upungufu.

Euphrasia alipokuwa mzima, alisimama mlangoni kila Jumamosi kama askari wa forodhani, na nusu ya mizigo iliishia barazani. Sasa mahali pa askari pamekuwa patupu karibu miezi miwili, na mpaka umevukwa.

"Usijali," Kasmir alimwambia, akiihamisha mashine ya taipu kutoka kitandani na kuiweka juu ya kiti, ambacho nacho kilikuwa na mzigo wake. "Jumamosi tunafanya usafi mkubwa. Kila kitu nje! Kufika jioni hutakitambua chumba hiki."

Hapo hakusema uongo.

Jumamosi ilipofika, Kasmir aliamka mapema, akajifunga shuka kiunoni, akatoa kila kitu uani. Alifanya kazi kama watu wanne na kupiga kelele kama kumi. Beseni likaziba njia ya chooni. Kabati likaziba bomba. Wapangaji waliotaka maji ilibidi wapitie katikati ya viatu vya kushoto, na wapangaji wa nyumba ile walikuwa watu wa kutoa maoni. Bi Sitara, mwenye nyumba, mjane mnene aliyekuwa akiketi barazani na kibao chake cha mbuzi akikuna nazi, alikuja hadi uani kuona mwenyewe.

"Shikamoo, Bi Sitara," Euphrasia alimwamkia kutoka kwenye mkeka alipokalishwa.

"Marahaba, mwanangu. Usihuzunike. Mumeo anakusanya mabati. Wangu, Mungu amrehemu, alikuwa anakusanya wanawake."

Ilipokaribia adhuhuri chumba kilikuwa kitupu kweli. Euphrasia aliinua kichwa, akaiona sakafu yake ya saruji, na machozi yakamlengalenga. Kilichobaki kilikuwa ni kuchagua kipi kinarudi na kipi hakirudi. Kasmir alishika kitu cha kwanza, mwavuli uliobaki mifupa, akaugeuza huku na huku, akafikiri. Wakati bado anafikiri, kengele ikasikika mtaani.

"Narudi sasa hivi," alisema.

Alipotoka, mvua ya masika ikaingia. Haikuanza kwa manyunyu, ilimwagika. Wapangaji wakaja mbio kusaidia, maana walikuwa watu wema licha ya maoni yao, wakakamata kila kilicho karibu na kukisukumia ndani bila mpango, kilicholowa juu ya kikavu, mpaka mlango ukawa hauna tena hata ule upenyo wa mtu mwembamba. Kasmir alirudi jioni, ameloa chapachapa, anatabasamu. Amebeba saa ya ukutani isiyokuwa na mishale.

"Ilikuwa inanishinda, mvua ile," alieleza. "Ila nimepata saa."

Juma lililofuata akaja wifi yake Euphrasia, Josepha, dada mkubwa wa Kasmir, anayekaa Ilala. Josepha alikuwa mwanamke wa nguvu ambaye hajawahi kuugua, na aliuona ugonjwa wa watu wengine kuwa ni aina ya ukosefu wa adabu. Hakuja peke yake. Alikuja na akina mama wa chama chao cha kanisani, wamejifunga vitenge, wamebeba fagio, na nyuso zao zina ile huruma inayomfanya mgonjwa atake kuomba msamaha.

"Wifi," Josepha alisema, amesimama katikati ya mlango, maana mbele zaidi hakukuwa na pa kusimama, "nyumba ni mwanamke. Kwetu kule Kilema mtu anajifungua asubuhi, mchana yuko kwenye migomba. Wewe umelala mpaka lini?"

"Mpaka miguu inibebe, wifi."

"Miguu hubebeshwa," alisema Josepha, akakunja mikono.

Basi akina mama wakaanza. Kila kitu kilishikwa, kikapitishwa mikononi, kikajadiliwa. Je, kitupwe? Mmoja akasema kitupwe, mwingine akasema ni dhambi kutupa, wa tatu akakumbuka shemeji yake aliyetupa kitu kama hicho na yaliyompata baadaye. Kilipoamuliwa, kilirudishwa kilipokuwa. Kwa kuwa wageni hawawezi kufanya kazi na njaa, Euphrasia alijikokota kwenda jikoni, akabandika chai, kisha wali, kisha chai nyingine, na kila alipokaa kwenye kigoda kupumua alisikia jina lake likitajwa ndani pamoja na neno uvivu. Saa kumi akina mama waliondoka wakiwa wamechoka na wameridhika. Walikuwa wamesugua ukingo wa dirisha moja. Walikuwa wamemaliza mchele wa juma zima. Na kwa kuwa usafi ni kupunguza, walikuwa wamempunguzia pazia zake nzuri na sufuria yake kubwa, wakisema hizi mgonjwa hazihitaji. Beseni walimwachia.

Kesho yake homa ikarudi. Josepha alipopelekewa habari alitikisa kichwa. "Mwili umeshazoea kulala," alisema.

Ndipo alipokuja Bharti.

Bharti alikuwa mke wa Champaklal, muuza nguo wa upande wa pili wa mtaa, na watu wote walimwita Mama Chandu. Yeye na Euphrasia walijuana kwa miaka kama majirani wanavyojuana, kwa salamu za asubuhi na kuazimana sindano, lakini hawakuwa wameketi pamoja hata siku moja. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, anayetembea amenyooka sana kwa sababu ya mgongo wake mbovu. Alileta bakuli la wali uliopikwa pamoja na dengu, laini, bila pilipili, chakula cha mgonjwa.

"Hodi, Mama Severa. Usiamke."

"Karibu, Mama Chandu. Samahani, sina pa kukuweka."

Lakini Bharti hakuwa anatafuta pa kukaa. Alikuwa ameganda mlangoni, macho kwenye ule ubao wenye minyororo uliolazwa ubavu chini ya magunia ya vitunguu. Akausogelea. Akafunua gunia. Akashika mnyororo wa shaba, akausugua kwa kidole gumba.

"Hii bembea," alisema. "Hii bembea ni ya mama mkwe wangu."

Euphrasia alijiinua kwa kiwiko, hofu imemkamata. Mawazo yake yote yalikuwa mamoja: mume wake ameuziwa mali ya wizi.

"Na hili kabati," Bharti aliendelea, sauti ikipanda. "Mlango wake mmoja aliuvunja Chandu akiwa na miaka mitano. Na pembe ile! Na beseni! Beseni hili tumelihangaikia sisi, mama, tukafukuza nge ndani yake!" Akajikalisha kwenye ukingo wa lile beseni, akafunika uso kwa ncha ya sari yake, na mabega yakaanza kutikisika. Euphrasia alidhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika mgongo wake kwa maumivu, akaendelea kucheka hivyohivyo.

Alipoweza kusema, alisema yote. Champaklal, mumewe, hatupi hata kizibo. Baba yake hakutupa, na babu yake hakutupa, na vizibo vya wazee wote watatu vilikuwa nyumba moja. Alipojifungua mwanawe wa mwisho, Daksha, mgongo ulimharibika, daktari akamkataza kuinama na kubeba. Akawa analala anatazama malundo, na malundo yanamtazama yeye.

"Nikasema, kufanya yote siwezi. Kutofanya lolote pia siwezi, nitapata wazimu. Basi nafanya kidogo. Naweka kikombe cha chai, ya moto kabisa, hainyweki. Ikiwa moto, nafanya. Rafu moja, au nusu ya rafu. Ikipoa ya kunyweka, nakunywa, naacha."

"Hata kama hujamaliza?"

"Hata kama kitambaa kiko mkononi."

"Na kile ulichokiacha katikati?"

"Kinasubiri. Kina miguu?"

Kila juma, Bharti alisema, kitu kimoja kilitoka kwa mlango wa nyuma. Nassibu wa mkokoteni anakichukua, anakipeleka mnadani. Mumewe hajui. Bembea imetoka Euphrasia akiwa bado wodini, na Champaklal anapita mahali pale kila siku akikwepa kona ambayo haipo tena.

"Nikadhani Mungu ananihurumia mimi peke yangu," alisema Bharti, akifuta macho. "Kila ninachokitoa kinanunuliwa siku ileile. Dalali akaniambia, mama, usijali, ipo sokoni Kariakoo mteja wetu mwaminifu."

Wanawake wawili walitazamana. Halafu wote wawili wakaitazama pembe ya gramafoni.

"Chukua bembea yako, Mama Chandu," alisema Euphrasia. "Nakupa."

"Thubutu!" alisema Bharti, akainuka haraka kuliko mgongo wake ulivyopenda.

Asubuhi yake Euphrasia aliomba chai, akaiweka dirishani, ikiwa inatoa moshi. Hakushuka kitandani. Aliona hata kuangalia chumba kizima kunamchosha, basi akakitazama kiti tu, kile kilichokuwa karibu na mkono wake. Juu yake palikuwa na mashine ya taipu, na chini ya mashine gazeti, chini ya gazeti kanzu iliyoungua pasi, chini ya kanzu soksi. Kanzu aliikata vitambaa. Soksi aliitupa. Mashine hakuweza kuinyanyua, akamwita Bi Sitara, aliyekuwa na mikono ya kukuna nazi, akaiweka kando ya mlango, upande wa vitu vya kutoka. Gazeti moyo wake haukuliamulia, akalisukuma chini ya kitanda lisubiri siku atakayokuwa na moyo mwingine. Chai ikawa imepoa. Akainywa. Alikuwa na kiti.

Mgeni aliyemfuata mchana ule alikaa. Euphrasia alimtazama alivyokaa kama mtu anayetazama ajabu.

Siku nyingine alifanya ukingo wa dirisha. Siku nyingine njia, njia tu, kutoka mlangoni hadi kitandani, akivisukuma vitu kwa mguu huku na huku kama mtu anayepalilia. Zilikuwapo siku ambazo alikaa na chai ikapoa na hajagusa kitu, mikono imelegea mapajani. Siku hizo nazo alikunywa chai yake, akajilaza, na wala hakumwomba msamaha mtu yeyote. Hilo la msamaha ndilo lililomgharimu zaidi kujifunza, maana sauti ya Josepha ilikuwa imejikunyata mahali fulani ndani ya sikio lake, na kuitoa ilikuwa kazi kuliko kutoa beseni.

Kasmir alizifuatilia juhudi hizi kwa kicheko cha upole.

"Ndiyo kazi ya leo, Mama Severa? Mtoto wa meza mmoja?"

"Ndiyo."

"Kwa mwendo huo utamaliza Uhuru ukija."

Wakati ule neno hilo lilikuwa linasikika kila jioni ya mkutano pale Mnazi Mmoja, na wenye busara walisema bado ni miaka mingi.

"Basi tutaona nani atatangulia," alisema Euphrasia.

Nassibu alikuwa akija asubuhi, Kasmir akiwa sokoni. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye macho ya usingizi, ambaye alikuwa amevisukuma vitu vile kutoka kwa Champaklal hadi mnadani, kisha kutoka mnadani hadi kwa Kasmir, na sasa anavirudisha mnadani.

"Nassibu," Euphrasia alimwuliza siku moja, "wewe ulijua miaka yote hii?"

"Mama, mimi kazi yangu ni kusukuma," alijibu Nassibu. "Kuuliza kuna watu wake."

Viatu vya kushoto vikaondoka, vikachukuliwa na fundi viatu aliyetaka ngozi. Beseni likaondoka kwa shangwe ya nyumba nzima. Pembe ikashushwa, na Euphrasia akapita pale ilipokuwa bila kuinama, akageuka, akapita tena. Kasmir hakuona lolote. Alirudi jioni, akala, akazungumza habari za bei ya vitunguu na mafuriko ya Jangwani yaliyochelewesha mizigo, akalala. Mara moja tu alisimama katikati ya chumba, akanusa hewa, akasema, "Leo kuna upepo humu," akaendelea kuvua shati.

Mambo yalikwenda vizuri hivyo hadi Jumamosi moja, masika yalipokwisha.

Euphrasia alikuwa barazani na Bi Sitara, anachambua mchele. Miguu ilikuwa imeanza kumbeba. Wakamwona Kasmir anakuja kutoka upande wa sokoni, anatembea mbele ya mkokoteni wa Nassibu kama bwana harusi mbele ya ngoma. Uso unang'aa kwa jasho na ushindi.

"Mama Severa! Njoo uone! Nimepata pembe ya gramafoni, pacha kabisa na ile yetu!"

Bi Sitara aliacha kukuna nazi.

"Kulikuwa na mzee mmoja anaipandisha bei, anaipandisha, anadhani nitachoka. Mimi nichoke? Na si hivyo tu." Akafunua gunia kwenye mkokoteni. "Mashine ya taipu! Na ajabu ya Mungu, nayo haina A, kama ile nyingine. Sasa tutakuwa nazo mbili."

"Mbili zisizo na A," alisema Bi Sitara polepole, kama anayetaka kuhakikisha amesikia sawasawa.

Nassibu alikuwa analitazama gurudumu la mkokoteni wake kwa makini makubwa.

"Na ile yetu ya kwanza iko wapi, Baba Severa?" aliuliza Euphrasia.

"Si ipo humo ndani."

"Hebu nenda ukailete, tuzipange pamoja."

Kasmir aliingia. Waliokuwa barazani walisikia nyayo zake zikipita koridoni, mlango ukifunguka vizuri kabisa, kisha kimya. Euphrasia aliweka ungo chini, akamfuata, na Bi Sitara akamfuata Euphrasia, na wapangaji wawili wakamfuata Bi Sitara kwa sababu ya maoni.

Kasmir alikuwa amesimama katikati ya chumba, anaitazama sakafu kama mtu aliyekutana njiani na jamaa aliyeambiwa alishazikwa.

"Umeuza vitu vyangu," alisema.

"Nimeuza."

"Vitu vyangu, Euphrasia! Bila kuniambia!"

Hakuwa amemwita kwa jina tangu siku ya ndoa. Zamani Euphrasia angepandisha sauti naye. Sasa nguvu zake zilikuwa chache na alijua matumizi bora ya kila kidogo, akakaa kwenye kiti.

"Nitajie kimoja kilichotoka. Kimoja tu, mbali na hivyo ulivyovirudisha leo."

Kasmir alianza kuhesabu kwa vidole, akaishia gumba. Akatazama ukuta. Wapangaji walisogea karibu.

"Kulikuwa na ... ile ... Saa! Saa ya ukutani!"

"Saa ipo nyuma yako."

Akageuka. Ilikuwapo, haina mishale, inamtazama. Mpangaji mmoja akacheka kwa pua, na hapo nyumba nzima ikalipuka. Bi Sitara alicheka mpaka akashika kizingiti. Euphrasia naye, ambaye tangu homa hakuwa amecheka, alianza kwa tabasamu, akajaribu kulizuia, likamshinda, akacheka mpaka mbavu zake nyembamba zikauma. Kasmir alitoka, akapita katikati yao na shingo imekakamaa, akarudi dukani kwake, na jioni ile alikula ukoko wa ugali.

Baadaye, watu wametulia, alisema akiwa ameinamisha macho kwenye sahani. "Ulipokuwa wodini, nilikuwa nikirudi humu ndani, kuna mwangwi."

Euphrasia alimtazama. Kwa mara ya kwanza aliyaona yale malundo kwa upande wa mtu aliyeyapanga, jioni baada ya jioni, peke yake. Huruma ilimjia, akaikaribisha, lakini hakuiruhusu iingie na mizigo yake.

"Chagua kimoja kikae," alisema. "Vingine Nassibu atavirudisha."

Kasmir alifikiri muda mrefu. Alichagua tandiko la farasi. Hakuna aliyemwuliza sababu, na tangu siku hiyo, alipotaka kufikiri jambo zito, alikuwa akilikalia.

Miezi haikupita mingi, Euphrasia akaanza kwenda sokoni mwenyewe, nywele zimeota fupi chini ya kitambaa. Siku moja alikuwa anachagua nyanya nyuma ya fungu la magunia aliposikia sauti nene anayoijua.

"Ndugu zangu, siri ni kidogo kidogo," Kasmir alikuwa anawaambia wafanyabiashara wenzake. "Nilimwambia mke wangu, mama, usijiumize. Kitu kimoja leo, kimoja kesho. Mwanzoni alinibishia. Nikamvumilia."

Wale wenzake walitikisa vichwa kwa heshima. Euphrasia alilipia nyanya zake akaenda zake. Maneno yalikuwa na sifa moja aliyoipenda: hayachukui nafasi sakafuni.

Chumba chao cha pili, kilichotazamana na kile cha kwanza na kujaa malundo hivyohivyo, kilikwisha kabla ya mwaka kuisha. Na hapo ndipo alipogundua kwamba chumba kitupu hakifichiki, maana watu walianza kukichungulia. Josepha alikuwa wa kwanza. Alifika asubuhi moja na wapagazi wawili, magodoro yamefungwa kamba, na sanduku kubwa la mbao.

"Wifi, niwekee kwa muda tu," alisema, tayari akiwaonyesha wapagazi njia. "Wakwe zangu wanahama. Na chumba chenu si kitupu?"

Euphrasia alisimama mlangoni.

"Si kitupu, wifi. Nakitumia."

"Unakitumia kufanyia nini? Sioni kitu."

"Kupita."

Josepha alimtazama kuanzia kitambaa hadi miguu. Kisha akamgeukia ndugu yake, aliyekuwa anavaa viatu aende dukani. "Kasmir! Unamsikia mkeo?"

Kasmir alimtazama dada yake mkubwa, aliyemwogopa tangu utotoni. Akamtazama mkewe. Akafunga kamba ya kiatu, akaifungua, akaifunga upya.

"Dada," alisema, "jaribu mnadani. Wanapokea hata vibovu."

Josepha aliondoka na wapagazi wake, na maneno aliyoyaacha nyuma yalisikika hadi kwa Champaklal. Kasmir alibaki barazani, akiufuata kwa macho mzigo ule unaoyumba kichwani mwa mpagazi, mpaka ulipokata kona.

"Lakini lile sanduku, Mama Severa," alisema. "Uliona kufuli lake? Shaba tupu."

"Baba Severa."

"Nasema tu."